Fundi Aliyekataa Kuandika Kwamba Amegusa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Ndunge Muema anavua hereni. Anaziweka kwenye bakuli la plastiki lililo juu ya stuli nje ya mlango, pamoja na simu, funguo, saa ya mkononi na pini nne za nywele. Viatu navyo vinabaki nje. Kisha anasimama kizingitini kwa soksi na kusikiliza barabara.

Lori la mananasi linapita. La pili linafuata, na sakafu inatetemeka kidogo. Ndunge ananyoosha kidole kumzuia mwandishi asipige hatua.

"Ngoja liishe," anasema. "Hii meza yetu haipendi malori. Ukiingia sasa utanitia hasara ya asubuhi nzima."

Kimya kinaporudi anafungua pazia zito jeusi na kuingia. Ndani ya godauni hili la zamani la pamba, mjini Thika, kuna meza nene iliyojaa vioo vidogo na leza. Katikati yake kuna kisanduku. Ndani ya kisanduku kuna chupa tano za kioo, kila moja ukubwa wa kidole gumba, zenye mvuke wa madini yanayoitwa rubidi. Ndunge anasoma kipimo cha joto, nyuzi sitini na mbili, anakiandika kwenye daftari, kisha anabonyeza kitufe. Hakuna kinachosikika wala kuonekana. Lakini ndani ya zile chupa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kuna ujumbe umelazwa.

Ndunge ana umri wa miaka ishirini na tisa na stashahada ya elektroniki. Ni fundi katika kituo kidogo cha utafiti ambacho waendesha boda boda wa mtaa wa Ngoingwa wanakiita Kwa Taa, ingawa ukiwa nje huoni taa hata moja. Mshahara wake ni shilingi elfu arobaini na moja kwa mwezi kabla ya makato, na kwa huo anajitunza kwenye chumba chake kimoja cha Ngoingwa na kumsaidia mdogo wake, Muoki, anayesomea ufundi wa magari.

"Kazi yangu ni maneno mawili," anasema. "'Haijaguswa', ama 'imeguswa'. Nikishasema hivyo, nimemaliza."

Ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa maneno mawili? Mwandishi aliuliza hivyo hivyo, na Ndunge akacheka. Ameshazoea. Kanisani walidhani anatengeneza miwani.

Ujumbe unaohifadhiwa hapa ni habari ya kwantumu, yaani habari inayobebwa na chembe za mwanga na atomi zenyewe. Haiwezi kunakiliwa kama picha ya simu, na ukiichungulia inabadilika. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani basi iko salama. Ndunge anatikisa kichwa.

"Mwizi si lazima achungulie," anaeleza. "Anaweza kuigeuza tu bila kuitazama, akaenda zake. Wewe unakuja kuichukua, unapewa kitu kilichogeuzwa, unashukuru. Hapo ndipo shida iko."

Dawa yake inaitwa msimbo. Ujumbe mmoja unatawanywa juu ya chupa zote tano kwa namna ambayo hakuna chupa moja inayoujua. Wakati wa kuufungua, mtambo hauulizi ujumbe unasema nini. Unauliza kama chupa bado zinakubaliana. Zikikubaliana, ujumbe unatoka vile vile ulivyoingia. Zisipokubaliana, jibu ni "imeguswa", na ujumbe unatupwa. Msimbo huu haujaribu kurekebisha chochote, wala haujui nani aligusa. Haujidai kumkamata kila mwizi wa dunia pia. Umetengenezwa kwa uchokozi ulio kwenye orodha fulani, na kituo kinapima kama kweli unauona.

Mama yake, Mwelu, analima ndengu upande wa mashariki wa Thika, kule Kilimambogo. Alipouliza binti yake anafanya nini mjini, Ndunge alimwonyesha gunia. Mwelu ana fundo lake la kufungia magunia, na mtu akilifungua na kulifunga tena, yeye anajua akiwa bado yuko mlangoni. "Nikamwambia, Mwaitu, nafanya hiyo, lakini gunia ni dogo sana," anasema, akimwita mama kwa Kikamba. Mwelu aliridhika na jibu hilo.

Ili kuupima msimbo, kituo kinacheza mchezo. Yuko mlinzi, ambaye ni Ndunge, na yuko mwizi, ambaye ni mtaalamu wa kompyuta anayeitwa Mwas. Kila asubuhi Mwas anachagua atakachowafanyia wale maskini wa chupa, anauandaa mtambo wake, kisha anaandika neno moja kwenye karatasi na kuitia ndani ya bahasha. Ndunge hajui kilichoandikwa. Anarudia jaribio mara elfu sita, anahesabu majibu na kuandika uamuzi wake daftarini. Siku nyingine bahasha zinafunguliwa na kulinganishwa na daftari.

Maneno ya mwizi ni matatu. GEUZA ni kupindua chupa zote kwa pamoja. KURA ni mtambo kupiga kura wenyewe, ukachagua chupa moja na kuivuruga. Na siku ambayo mwizi hagusi kitu, anaandika KULA, kwa maana kwamba ameenda zake kula. Utani huo ni wa mkuu wa kituo, Dkt. Bridget Sifuna, mzaliwa wa Bungoma.

Msomaji wa Kiambu ameshaanza kutabasamu. Huwezi kuweka kura na kula kwenye orodha moja hapa kwetu ukatarajia amani. Mwas kwao ni Gatundu, humu humu Kiambu. Akiagiza "wari" hotelini, unajua anataka wali. Lakini kwa miezi minane hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu Mwas aliandika bahasha zake mwenyewe, na kwa kalamu Mwas hakosei hata herufi moja.

Kisha Februari mwaka huu binti wa Mwas akalazwa hospitalini kwa nimonia. Baba yake akahamia huko na kompyuta yake. Mtambo aliuendesha kwa mtandao, lakini bahasha haiwezi kuandikwa kwa mtandao. Akawa anampigia simu karani wa kituo, Cindy Awiti, kila asubuhi, na Cindy anaandika. Kutuma ujumbe kulikatazwa. Kanuni ya kituo ilisema neno la mwizi lisiandikwe popote isipokuwa ndani ya bahasha, ili Ndunge asije akaliona kwa bahati mbaya kwenye simu ya mtu.

Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu na Jumanne, siku nne za kazi mfululizo, Ndunge aliandika neno lile lile: imeguswa.

Jumanne mchana bahasha nne zikafunguliwa. Zote zilisema KULA.

"Nilirudi kwenye daftari langu," anasema Ndunge. "Wakati hakuna mtu amegusa, mtambo hutoa kengele ya uongo mara mbili, tatu hivi katika mia. Hiyo ni kawaida, ni kelele. Mimi nilikuwa na tisini na nne. Kelele haiwezi kufika hapo."

Alikagua kila kitu. Alipima joto la chupa moja moja, akafuta vioo, akabadilisha nyaya mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote. Saa kumi jioni aliomba mtambo wa Mwas uzimwe kabisa, akarudia jaribio mara elfu sita. Kengele zilishuka hadi mbili katika mia. Kwa hiyo upande wake ulikuwa mzima, na siku zile nne kuna kitu kiligusa.

Dkt. Sifuna hakukubali. Alikuwa amempigia Mwas simu mwenyewe na kumuuliza alifanya nini siku hizo nne. Mwas akamjibu. Daktari akakata simu akiwa na hakika kwamba mwizi alikuwa ameenda kula.

"Nilikuwa na bahasha, nilikuwa na maneno ya Mwas, na upande wa pili nilikuwa na fundi mmoja," Dkt. Sifuna anamwambia mwandishi, bila kujitetea sana. "Na Ijumaa nilikuwa na wageni wanaofadhili kituo. Niliona jambo moja tu linalowezekana. Ndunge alifungua kisanduku mapema au aligonga meza, na anaogopa kusema."

Jumatano asubuhi alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba mpya wa Ndunge, kwa sababu wa zamani ulibakiza siku sita. Ya pili ilikuwa na sentensi moja iliyochapwa, ikisema kwamba yeye, Ndunge Muema, aligusa mtambo bila kukusudia katika siku nne zilizotajwa.

"Ni sentensi moja tu, Ndunge," Dkt. Sifuna alimwambia. "Hakuna atakayekufukuza. Wageni wakiuliza, tuwe na maelezo. Ukishasaini hii, tunasaini na hii nyingine."

"Daktari, kazi uliyonipa ni kusema kama imeguswa," Ndunge alijibu. "Nikiandika mimi ndiye niligusa, na sikugusa, basi huu mtambo wote ni wa nini?"

"Kwa hivyo ni nani aligusa?"

"Mtambo hausemi ni nani. Na mimi pia sijui."

"Basi nenda ufikirie. Nipe jibu kesho jioni."

Alifikiria kweli. Alipiga hesabu ya maisha yake bila kazi na haikumpendeza. Fundi wa chupa za rubidi akifukuzwa Thika, atatafuta kazi hiyo wapi? Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimpigia mama yake akiwa bado amekaa kitandani.

"Uliigusa?" Mwelu aliuliza.

"Aiee, Mwaitu. Sikuigusa."

"Basi usiandike."

"Na kazi?"

"Kazi ni ya watu. Mkono ni wako."

Ndunge alilia kidogo, akanawa uso, akachukua boda.

Mchana wa siku hiyo alikaa na Cindy kwenye kibanda cha chakula karibu na lango la kituo. Cindy anaishi Mwiki, Ruiru, ni mchangamfu, na siku hizo alikuwa akijitahidi kumchekesha rafiki yake. Simu yake ilikuwa imetoka kulia. Alikuwa Mwas, kutoka hospitali, mtoto akiwa amepata nafuu.

"Mwas anasalimia," Cindy alisema, kisha akaigiza sauti. "'Cindy, mmeshakura? Mimi sijakura tangu jana!' Wee, huyo mtu atatuua siku moja."

Wote wawili walicheka. Halafu Ndunge akaweka kijiko chini.

"Cindy. Zile asubuhi nne, Mwas alikwambia nini? Niambie vile alivyosema, na mdomo wake."

"Alisema, 'Cindy, andika kura.'"

"Na wewe ukaandika?"

"Nikaandika kula. Si unamjua Mwas? Nikaona niandike vizuri."

"Na kama angetaka kura yenyewe, ile ya kupiga kura, angesemaje?"

Cindy alirudisha chapati kwenye sahani. Mama wa kibanda akauliza kama chapati imekataa kushuka.

"Yawa," Cindy alisema mwishowe. "Angesema kura."

Anasimulia sasa akiwa ameshika mashavu yake. "Aki nilitaka ardhi inimeze. Mimi nilidhani namsaidia. Ni Mwas! Kila mtu humrekebisha Mwas kichwani."

Ndunge hakumlaumu. Hakumpigia Mwas pia, kwa sababu simu ndiyo iliyowafikisha hapo. Alimtumia ujumbe: "Usiseme. Andika. Ile Ijumaa mpaka Jumanne ulifanya nini?" Mwas alikuwa kwenye foleni ya dawa. Jibu lilichukua dakika kumi na moja, na Ndunge anasema hizo dakika kumi na moja zilikuwa ndefu kuliko siku zote nne zikiwekwa pamoja.

Jibu likaja: "KURA. Zote nne. Niko na mtoto, sikuwa na muda wa kugeuza. Kwani Cindy aliandika nini?"

Aliipeleka simu ofisini kwa Dkt. Sifuna na kuiweka mezani, karibu na zile karatasi mbili.

"Lakini nilimpigia mimi mwenyewe," Daktari alisema. "Alisema kula."

"Ulisikia kula, Daktari, ama ulisikia kura halafu ukamsahihisha?"

Dkt. Sifuna alimvutia Ndunge kiti. Alifungua kompyuta. Mtambo wa mwizi huweka orodha ya chupa ambazo kura imeziangukia, orodha ambayo hakuna aliyeisoma kwa sababu kila mtu alikuwa ameiamini bahasha. Walikaa pamoja saa mbili wakilinganisha. Chupa ya pili, chupa ya tano, chupa ya kwanza, ya tano tena, mara elfu ishirini na nne. Mahali ambapo mwizi alipita, daftari la Ndunge lilikuwa limesema amepita.

"Ngai!" Mwas anasema alipoulizwa na mwandishi. Sasa amerudi kazini, na binti yake amerudi shule. "Mimi niko hospitali nafikiri kazi inaenda poa, kumbe karibu nimfukuzishe mtu kazi na herufi moja. Nilimnunulia soda. Soda tu, lakini nilikuwa nasikia vibaya sana, si mchezo."

Kilichomshangaza Dkt. Sifuna ni kwamba siku zile nne zimekuwa jaribio bora kuliko yote waliyopanga. Karani, mkuu wa kituo na bahasha vyote vilishuhudia kwamba ujumbe haukuguswa. Msimbo peke yake ndio uliokataa, na msimbo ndio uliokuwa sahihi. Ijumaa aliwasimulia wageni kisa chote, pamoja na ile sentensi aliyotaka isainiwe. Mgeni mmoja aliomba asimuliwe tena ile sehemu ya wali.

"Tumejenga kifaa ambacho kikipokea kitu chenye shaka hakijaribu kukirekebisha, kinasema tu kuna shaka," anasema Dkt. Sifuna. "Halafu sisi wenyewe, tukisikia neno lenye shaka, tunalirekebisha kimya kimya na kuendelea. Niliona aibu. Nilimwomba Ndunge msamaha mbele ya wote, na ile karatasi nikaichana."

Orodha ya mwizi imebadilishwa. Mahali pa KULA sasa pameandikwa LIKIZO. Mwas anaitamka "rikizo" na hakuna anayeumia. Kanuni nyingine imeongezwa ukutani kwa mkono wa Cindy: usimsahihishe mwenzako, muulize. Cindy anasema wageni wakiisoma hudhani ni mambo ya ndoa.

Na Ndunge? Mkataba mpya alipewa, wa miaka miwili, na nyongeza ndogo juu yake. Septemba anataka kuanza shahada ya fizikia, masomo ya Jumamosi, na tayari ameshachukua fomu. Anatamani siku moja aunde msimbo wake mwenyewe, wenye orodha ndefu zaidi ya uchokozi unaoweza kuuona. "Hii yetu bado ina mambo mengi haijui," anasema. "Nataka niwe yule anayeiongezea."

Lakini mkataba hajausaini. Umekaa ndani ya bahasha kwenye begi lake kwa siku kumi na mbili, na Dkt. Sifuna ameuliza mara mbili kuna nini.

Kuna ripoti. Kituo kinaandika matokeo ya mwaka, na kwa mara ya kwanza jina la fundi limewekwa pamoja na majina ya watafiti. Ndunge alipewa nakala ya kwanza aipitie. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amekaa nje ya mlango kando ya lile bakuli la hereni, na ukurasa wa kumi na nne akapiga mstari wa kalamu chini ya sentensi moja na kuirudisha ofisini.

Mwandishi anamuuliza sentensi hiyo ina kosa gani.

"Wameandika kwamba neno langu lilikuwa kweli baada ya kuthibitishwa siku ya saba," anasema, akivaa viatu. "Nimewaambia wabadilishe, ndipo nisaini. Lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza. Wao ndio walichelewa."